Tingatinga Linakuja

"Mimi sikusema ninafua! Nilisema hufua! Ni maneno mawili hayo, kinyozi, mawili!"

"Maneno hesabu wewe, Mama Povu. Mimi nahesabu kamba. Ua lina kamba tatu, na zote tatu zina nguo zako tangu Jumatatu. Taulo zangu nizianike wapi, kwenye masikio ya wateja?"

"Wateja gani ulio nao wewe? Si umeshawamaliza?"

Hilo kinyozi alilijua ni kweli. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkasi mkononi, na mkasi ulikuwa unakata. Ulikuwa unakata tangu Jumatatu saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa Alhamisi. Wateja walikwisha siku ya kwanza. Siku ya pili alinyoa wapangaji wenzake, wanaume kwa wanawake, wengine kwa hiari na wengine kwa kumwonea huruma, hata vyumba vyote ishirini na viwili vikawa na vipara vinavyong'aa. Tangu jana mkasi ulikata hewa tu, kwa sauti ile ile, na yeye akabishana juu ya sauti hiyo.

Mama Povu, ambaye kazi yake ilikuwa udobi, alikuwa amezama kwenye beseni mpaka viwiko. Nguo za watu alizimaliza Jumatatu hiyo hiyo. Akafua mapazia yake, akafua mapazia ya majirani, akafua magunia na matambara ya kudekia. Sasa alikuwa na kitambaa kimoja cha meza, ambacho alikisugua kwa mara ya arobaini, na kilikuwa kimetakata mpaka ukikitazama unaona mlango ulio nyuma yake. Alilishwa chakula na mwanawe kwa kijiko.

Katikati ya ugomvi huo alipita mama mmoja mnene mwenye begi, akaaga kila mtu kwa heshima, akavuka lango la ua. Mara akawa amesimama tena mlangoni kwa kinyozi, analiweka begi chini.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama," alisema kinyozi, kwa sauti iliyokwisha maji. Huyo alikuwa mama mkwe wake. Alikuja kwa siku mbili. Asubuhi ile peke yake alikuwa ameondoka mara nne.

Mpiga chapa wa chumba namba tano, ambaye ua zima lilimwita Bi Taipu, alikuwa bombani anakinga maji. Bi Taipu alipenda ugomvi wa watu wengine kama wenzake wanavyopenda redio, na ndoo yake ilikuwa imejaa zamani. Maji yalimwagika na yeye hakuwa na haraka. Haraka ilimjia pale Mama Povu aliponyanyua kidevu na kumwonyesha, kwa kuwa vidole havikuwa na nafasi.

"Muulizeni huyo anayekinga maji kama hayamhusu. Si ndiye aliyetuandikia fomu?"

Ua lote likageuka. Hata mkasi ulionekana kupunguza mwendo.

"Bi Taipu," alisema kinyozi, "fomu yangu uliandika nini?"

"Niliandika ulichoniambia, mwanangu."

"Basi kaisome tena."

Aliingia chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda boksi la nakala za kaboni. Mambo yalianza hivi: Ofisi ya Majengo ilileta fomu, moja kwa kila chumba, zijibiwe kwa Kiingereza. Unaishi wapi, unafanya kazi gani, una wageni. Wapangaji wote walimpelekea Bi Taipu, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na sita akipiga chapa barua za Kiingereza kwenye kibaraza kilichotazamana na ofisi hiyo hiyo. Kiingereza chake hakukisoma darasani. Alikiokota kwenye barua za watu, kipande huku kipande kule, kama mtu anavyookota vifungo, na kilimtosha.

Akavaa miwani, akasoma. *I am washing clothes.* Mama Povu. *I am cutting hair.* Kinyozi. *My mother-in-law is visiting.* Kinyozi tena, na hapo Bi Taipu alijikuta anasema "maskini" bila kujua anamwonea huruma nani. Mzee wa chumba namba saba alikuwa ameandikiwa kwamba anangoja barua ya mwanawe, lakini yule alikuwa akingoja miaka yote, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Yeye mwenyewe, mahali pa kazi, alikuwa ameandika neno moja tu: *Typist*.

Juu ya fomu zote ishirini na mbili, mstari wa kwanza ulikuwa mmoja: *I am living here.*

Bi Taipu alivua miwani, akatazama mkeka wake. Ulikuwa umesimama mlangoni, umejikunja, umejifunga kamba. Kando yake sufuria zilikuwa zimeingia kwenye kapu na shuka zimejipanga ndani ya mfuko. Ndivyo ilivyokuwa kila chumba tangu Jumanne: kukipambazuka tu, vitu vinajifungasha vyenyewe na kujipanga mlangoni kama abiria. Watu hawakuulizana. Kila mume alidhani ni mke anayetaka kuondoka, na kila mke akadhani ni mume, na nyumba tatu zilikuwa zimenuniana vibaya sana kwa sababu hiyo.

Sasa alielewa. Kwa lugha ya nyumbani ukisema "ninaishi hapa" umemaliza. Neno hilo halimuulizi mtu kama ni kwa leo tu au ni kwa siku zote. Kiingereza kina milango miwili mahali hapo, na yeye miaka yote ishirini na sita aliingilia mlango mmoja, ule wenye *-ing*, kwa kuwa ulikuwa mrefu zaidi na kwenye karatasi ulionekana wa heshima. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Lakini barua zile za zamani hazikupigwa muhuri wa Ofisi ya Majengo. Muhuri huo ulikuwa mpya, uligongwa kwenye fomu Jumatatu saa nne, na ulikuwa unafanya kazi.

Akatoka uani na boksi lake.

"Kosa ni langu," alisema. "Ni herufi tatu."

"Herufi tatu!" alisema Mama Povu. "Mimi ngozi ya mikono imekuwa kama karatasi kwa herufi tatu? Ziandike zingine basi!"

"Ndiko ninakokwenda."

"Huko unakokwenda," alisema kinyozi, "sema kwa uangalifu."

*

Dirisha la tatu la Ofisi ya Majengo lilikuwa na karani kijana, mwenye tai fupi na adabu nyingi. Alimjua Bi Taipu. Walisalimiana kila asubuhi kutoka kibaraza kimoja hadi kingine.

"Nimekuja kusahihisha fomu ishirini na mbili, mwanangu."

"Fomu ikishapigwa muhuri haisahihishwi, mama."

"Kuna kosa ndani yake."

"La nani?"

"Langu."

"Basi halituhusu." Akatabasamu, kwa kuwa alimpenda, akafungua kitabu cha kanuni na kukigeuza ili naye aone. "Ngoja nikueleweshe, maana wewe ni mtu wa kalamu. Anayeandika *I live here*, huyo ni mkazi. Mkazi tunamsikiliza kwanza. Anayeandika *I am living here*, huyo yupo kwa sasa. Ni mpitaji. Sasa ikiisha, naye anaisha. Nyinyi nyote mmejiandika wapitaji. Kwa kweli mmetusaidia. Tungekaa na nyinyi kwenye vikao mwaka mzima."

"Vikao vya nini?"

"Si mnajua? Kiwanja kinatakiwa. Magari ya ofisi hayana pa kuegeshwa."

Bi Taipu aliegemea dirisha.

"Mimi nimeishi chumba kile miaka thelathini na moja. Nimezalia pale. Nimezikia pale."

"Sikatai, mama. Lakini karatasi inasema bado unaendelea." Akafunga kitabu kwa upole. "Mtapata ilani kesho."

Aliwapelekea habari jioni. Uani pale palikuwa na kelele zilizosikika hadi sokoni. Mwingine alisema tukalale mlangoni kwa mkubwa wao, mwingine akasema tuandike barua, na hapo watu wakamtazama Bi Taipu. Mzee wa chumba namba saba akauliza kama barua ya mwanawe itajua pa kumfuata. Mama mkwe wa kinyozi peke yake ndiye aliyechangamka: kama nyumba itavunjwa, alisema, huenda hatimaye akafika kwake.

*

Ijumaa saa nne karani alivuka barabara na karatasi mkononi.

Ofisi ilikuwa na mashine kubwa ya kuchapia, lakini wino ulikwisha kabla ya mvua zilizopita, na tangu hapo ilani zote za serikali zilipigwa na wapiga chapa wa kibarazani. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa na wateja. Karani akasita, kisha akaja kwa Bi Taipu.

"Nakala nne, mama. Bosi anazitaka kabla ya saa sita. Usichukulie moyoni."

"Kazi ni kazi, mwanangu. Lete."

Karani alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kujivunia. *The bulldozer comes on Monday at eight o'clock. All tenants leave the building.* Sentensi mbili, hakuna zaidi.

Bi Taipu aliingiza karatasi nne na kaboni tatu, akazungusha gurudumu, akaweka vidole juu ya herufi. Hakuwahi kukosa haraka namna ile. Kibarazani watu walipita, muuza kalamu akamsalimu, naye hakuitikia, jambo ambalo muuza kalamu alikwenda kulisimulia.

*Comes.* Alilitafuna neno hilo polepole. *Comes* ni la kitu kinachokuja kikafika, kikajulikana kwa kufika, kama gari la maji la Jumamosi. Hilo huja. *Is coming* je? Hilo lipo njiani. Mtu akikwambia "ninakuja," unajua jambo moja tu kwa hakika: hajafika. Na akiendelea kukwambia hivyo, bado hajafika.

Akapiga: *The bulldozer is coming on Monday at eight o'clock.*

Vidole vikaanza vyenyewe kuelekea sentensi ya pili, na vilikuwa vimeshazoea. Vilitaka kuandika *are leaving.* Akavirudisha mapajani. Aliwaona watu wote wa ua wamesimama langoni na mikeka yao kila saa ya maisha yao, wanaondoka na kuondoka, kama yule mama mwenye begi. Hapana. Karani aliandika *leave*, na *leave* ilikuwa nzuri. Wapangaji huondoka. Nani asiyeondoka nyumbani asubuhi? Mtu huenda kazini, huenda sokoni. Na mtu ambaye huondoka kila siku ni lazima awe anarudi kila siku, la sivyo kesho ataondokea wapi? Aliipindua hoja hiyo huku na huku kama mtu anunuaye chungu, akaigonga, haikuwa na ufa.

Akapiga *leave*, akaweka nukta.

Karani aliichukua karatasi ya juu, akaisoma kwa sauti huku akiifasiri, kama alivyozoea kufanya kwa ajili ya wapita njia: "Tingatinga linakuja Jumatatu saa mbili. Wapangaji wote wanaondoka." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Neno kwa neno. Ndivyo nilivyoandika."

"Ndivyo," alisema Bi Taipu.

Alimwangalia akivuka barabara. Kutoka dirisha la tatu alisikia muhuri ukigongwa, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaagiza chai, akamwita muuza kalamu arudi amsalimu upya.

*

Jumatatu saa mbili kamili tingatinga lilitokeza kwenye kona ya duka la dawa, hatua arobaini kutoka lango la ua. Lilikuwa la njano, na koleo lake lilikuwa pana kuliko lango lenyewe. Minyororo ilizunguka, moshi ukapanda, ardhi ikatetemeka mpaka sufuria zikagongana ndani ya makapu yao. Lilikuwa linakuja.

Dakika hiyo hiyo, kwa amri ya lile neno *leave*, mikono ya Mama Povu ilitoka majini. Aliitazama, akaikunja na kuikunjua, akaifuta kwenye gauni, na jambo la kwanza alilofanya nayo lilikuwa kujikuna pua, ambayo ilikuwa ikimwasha kwa wiki nzima. Mkasi wa kinyozi ulinyamaza. Mama mkwe alichukua begi, akavuka lango, na safari hii lango lilimwachia. Alionekana akikata kona bila kugeuka nyuma, mwendo wa mtu aliyeacha jiko linawaka. Vyumba ishirini na viwili viliondoka, kila mtu na lake. Lakini siku hiyo hawakwenda mbali. Walisimama ng'ambo ya barabara, wakalitazama tingatinga.

Saa tatu lilikuwa linakuja. Saa tano lilikuwa linakuja. Saa sita mkubwa wa ofisi alifika na gari na karani na futi ya kupimia. Wakapima kutoka koleo hadi lango: hatua arobaini. Wakangoja nusu saa, minyororo ikizunguka kwa nguvu zote, wakapima tena. Arobaini.

"Dereva!" aliita mkubwa. "Unakuja au huji?"

"Ninakuja, mzee!" alijibu dereva kutoka juu. Na kweli alikuwa anakuja, kila mtu alimwona.

Mkubwa akaomba ilani. Akaisoma, akampa karani, karani akaisoma.

"Inasema linakuja," alisema karani.

"Na linakuja?"

"Linakuja, bosi."

"Basi toa ilani nyingine."

Karani akashusha sauti, lakini ua mzima ulimsikia, kwa kuwa ua mzima ulikuwa umesogea kusikiliza. "Kwa kanuni, bosi, ilani mpya haitoki mpaka ya kwanza imekwisha kutekelezwa. Na ya kwanza..." Akalitazama tingatinga. "Ya kwanza inatekelezwa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimfanya mwenye duka la dawa atoke na kufunga mlango. Mama Povu alipiga makofi kwa mikono yake miwili mikavu, akapiga na kupiga, kwa raha ya kuisikia. Kinyozi aliibeba begani ile mashine ya taipu, kilo kumi na nne za chuma, akaizungusha barabarani huku vipara ishirini na kitu vikiifuata kwa nyimbo, na Bi Taipu nyuma yao akipiga kelele, "Utepe! Angalieni utepe, nyie, msiniharibie utepe!" Mkubwa aliingia kwenye gari lake, ambalo halikuwa na pa kuegeshwa, akaenda.

Jioni wote walirudi. Na mama mkwe alirudi, begi mkononi, akiwa amemwagilia maua yake na kusengenyana na jirani zake. "Hodi humu," alisema, na kinyozi, ambaye alikuwa amekaa siku nzima bila mama mkwe, alijikuta anaitikia kwa moyo mweupe.

*

Fomu hazikusahihishwa. Mikeka bado inajikunja kila kunapopambazuka, na watu wamezoea kuikunjua kabla ya kuulizana kulikoni. Mama Povu akirudi jioni hurudi kwenye beseni. Amepata wateja kutoka mitaa ya mbali, wanaosifu weupe. Kwenye vitabu vya dirisha la tatu, wote ni wapitaji. Ofisi imepeleka fomu mtaa wa pili, kwa Kiingereza vile vile, na foleni ya kibarazani inafika mpaka mlango wa ofisi yenyewe. Bi Taipu humtazama kila mtu juu ya miwani na kuuliza, "Unauza au huuza? Fikiri kwanza, usiniharakishe." Kwa sababu wa mtaa wa pili wote wamejiandika wakazi, dirisha la tatu sasa linawataka walete ushahidi wa siku waliyoanza.

Tingatinga liko wiki ya tatu linakuja. Siku za mwanzo watu walilizomea. Siku hizi hulitumia kuelekezana: pita tingatinga, shika kushoto. Dereva hukaa juu yake kutwa, mikono kwenye usukani, kwa sababu ni kazi aliyotumwa, na hakuna aliyekuja kumwambia imekwisha. Ni mtu wa mbali. Jua likianza kulala hujifunga shati kichwani na kutazama upande mwingine, ili asionekane anafuata harufu ya vyungu vya watu.

Jioni moja sahani zilikuwa zimeshapakuliwa uani, watu wamekaa duara, na mama mkwe alikuwa amesimama na mwiko akihesabu vichwa. Akatazama nje ya lango.

"Yule je?"

"Yule nani?" alisema kinyozi. "Yule si ndiye wa kutubomolea?"

"Amefika?"

"Hajafika. Anakuja."

"Basi akifika tutamchukia. Kwa sasa ana njaa." Akaenda mpaka langoni, akanyanyua mwiko. "Wewe baba! Wewe wa juu! Shuka!"

Dereva akajielekezea kidole kifuani.

"Kuna mwingine huko juu? Shuka!"

"Na mashine, mama? Nani ataiangalia?"

"Inakuja hiyo, itakwenda wapi?"

Dereva alifikiri. Kisha akashuka, akazitembea zile hatua arobaini kwa miguu yake, akasimama langoni akipangusa mafuta ya mashine kwenye suruali, hajui aingie au asubiri. Bi Taipu alivuta sahani yake kando, akamsukuma Mama Povu kwa kiwiko asogee na beseni lake, akagonga mkeka kwa kiganja mahali palipopatikana.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema. "Nawa mikono uje ule."